Kijana aliyenakili picha ya Juan de Pareja hakuiba kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze jambo lililoniuma, ambalo naamini linawagusa vijana wengi wa Mwanza wanaotaka kujifunza kuchora sura za watu. Mimi ni fundi wa mabango, na kibanda changu kipo Kirumba, kando ya njia iteremkayo kwenda mwaloni. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeandika majina ya maduka, nimeandika majina na namba ubavuni mwa mitumbwi, na nimechora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi kuanzia Igoma hadi Nyegezi. Sikusomea sanaa darasani. Nilichokijua kuhusu uso wa mtu nilikichukua kwa mafundi walionitangulia, na mengi katika hayo, nimekuja kugundua nikiwa mtu mzima, yalikuwa makosa.

Mwezi uliopita kijana anayejifunza kwangu alipeleka kazi yake kwenye maonyesho madogo ya wachoraji chipukizi hapa jijini. Picha ilipokelewa asubuhi ikatundikwa, na kabla ya saa nane mchana ilikuwa imeteremshwa na kuegemezwa nyuma ya viti, uso wake ukiwa umegeuziwa ukuta. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba kunakili ni kuiba kazi ya mwingine, na kwamba maonyesho yale ni ya wabunifu. Hakuna aliyejali kikaratasi alichokibandika chini ya fremu, ambacho kilisema kwa mwandiko unaosomeka: "Nakala ya kujifunzia, kutoka picha ya Juan de Pareja iliyochorwa na Diego Velázquez, Roma, 1650." Kazi ya miezi minne ilirudi Kirumba kwa bodaboda, ikiwa imefungwa kwa khanga ya mama yake.

Sina nia ya kuwataja waandaaji wale, kwa sababu wazo walilolisema si lao peke yao. Nimelisikia kwa walimu, kwa wazazi, na hata kwa wachoraji wenzangu. Ninachotaka ni kulijibu.

Nianze na picha yenyewe, maana hatukuichagua kwa kubahatisha. Velázquez alikuwa mchoraji wa Mfalme Felipe wa Nne wa Hispania, na mwaka 1649 alisafiri kwenda Italia kumnunulia mfalme kazi za sanaa. Katika safari hiyo alifuatana na Juan de Pareja, mzaliwa wa Antequera kusini mwa Hispania, mtu mwenye asili ya Kiafrika, ambaye alikuwa mtumwa wake na msaidizi wake katika karakana. Akiwa Roma, kabla hajakaa kumchora Papa Innocent wa Kumi, Velázquez alimchora Pareja: kifua na kichwa, mkono mmoja umekunjwa mbele ya mwili, ukosi mpana mweupe juu ya nguo ya kijivu, na macho yanayomtazama mtazamaji bila kuinama. Tarehe 19 Machi 1650 picha hiyo ilionyeshwa kwenye jengo la Pantheon, na mwandishi Antonio Palomino, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Hispania katika karne iliyofuata, anasimulia kwamba wachoraji waliokuwapo walisema kazi nyingine zote ni picha, ila hii peke yake ni ukweli. Mwezi Novemba mwaka huohuo Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru, ingawa kwa sharti la kutumika miaka minne zaidi. Baadaye Pareja mwenyewe akawa mchoraji, na picha yake kubwa ya Kuitwa kwa Mathayo Mtakatifu, ya mwaka 1661, ipo Madrid katika jumba la sanaa la Prado. Amejichora ukingoni mwa picha hiyo, ameshika karatasi yenye jina lake.

Naomba wanaosema kunakili ni wizi watafakari swali moja: mtu ambaye kazi yake karakanani ilikuwa kumtumikia mchoraji mwingine alijifunza wapi uchoraji? Sijasikia popote kwamba alipelekwa shule. Yaelekea alijifunza palepale, mbele ya kazi za bwana wake, kwa kuzitazama siku baada ya siku na kujaribu mkono wake kuufuatisha mkono ule. Velázquez naye alipokuwa kijana wa miaka 29 alimwona Peter Paul Rubens, ambaye wakati huo alikuwa mchoraji mwenye jina Ulaya nzima, amefika Madrid mwaka 1628 na anatumia sehemu ya muda wake kunakili picha za Titian, mchoraji wa Italia wa karne iliyotangulia, zilizokuwa katika mikusanyo ya mfalme. Rubens alikuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini. Hakuona haya kukaa tena kwenye benchi la mwanafunzi. Mwaka 1879 John Singer Sargent, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wachoraji wa sura wanaosifiwa zaidi, alikwenda Madrid kumnakili Velázquez huyohuyo.

Jumba la Louvre la Paris lilipofunguliwa kwa umma mwaka 1793, wachoraji waliruhusiwa kuingia kunakili, na ruhusa hiyo ipo hadi leo kwa kibali maalumu. Masharti yake yanafundisha kuliko hotuba ndefu: nakala isilingane na picha ya asili kwa ukubwa, bali iizidi au ipungue kwa walau sehemu moja ya tano, na saini ya mchoraji wa asili isinakiliwe. Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya mwanafunzi na mghushi. Mghushi huficha, hutafuta turubai la kulingana, huiga saini, hukaa kimya. Mwanafunzi hutangaza. Picha ya Pareja ina urefu wa sentimita 81.3 na upana wa sentimita 69.9, na sisi, ingawa hakuna aliyetulazimisha, tulipunguza sehemu moja ya tano, tukapata turubai la sentimita 65 kwa 56. Saini haikuwekwa, isipokuwa jina la kijana mwenyewe na neno "nakala" nyuma ya turubai, kwa rangi isiyofutika. Velázquez alifariki mwaka 1660, kwa hiyo hakuna hakimiliki ya mtu iliyoguswa, na jumba la Metropolitan la New York, linaloimiliki picha hiyo, tangu 2017 limeweka picha za kazi zake zisizo na hakimiliki kwenye intaneti ili yeyote azipakue na kuzitumia bure.

Sasa niseme kijana alipata nini katika miezi hiyo minne, kwa kuwa hili ndilo ambalo wengi hawaliulizi.

Sisi mafundi wa mabango tuna desturi moja mbaya katika kuchora mtu mweusi. Tunachukua kopo moja la kahawia, tunalijaza uso mzima, kisha tunaongeza nyeusi mahali pa kivuli na nyeupe mahali pa mwanga. Matokeo yake kila mtu anayajua ukutani: shavu limepauka kama limepakwa majivu, na upande wa kivuli umekufa kama masizi. Nilichora hivyo kwa miaka mingi na kudhani kasoro ni ya rangi za dukani. Tulipoanza kuipima picha ya Pareja kwa karatasi iliyotobolewa tundu dogo, mfano wa njugu, tukiisogeza juu ya paji, kisha juu ya pua, kisha shavuni na shingoni, kila tundu lilituonyesha rangi ambayo hatukuitegemea. Kivuli cha shavu hakikuwa na weusi mwingi. Kilikuwa na wekundu wa udongo, kina joto. Mwanga wa paji la uso, ambao mimi ningeupiga kwa nyeupe, ulikuwa wa kijivujivu na uliopoa, na ukiulinganisha na ukosi, ulikuwa mbali sana na weupe. Tena ule ukijani hafifu wa kijivu ulioko nyuma ya kichwa ndio unaoifanya ngozi ing'ae. Tulijaribu kuubadilisha kwenye kipande cha hadibodi tukaweka bluu ya bango la kinyozi, na uso wote ukazimika.

Hilo, Mhariri, nisingelifahamu kwa kusikiliza. Macho husema yameona, lakini mkono ukishindwa kulitengeneza lile doa, ndipo unapojua kwamba hayakuona. Kijana wangu alilichanganya doa la chini ya jicho la kushoto mara kumi na moja. Alitumia rangi tano tu: nyeupe, nyeusi, udongo wa manjano, udongo mwekundu na kahawia ya udongo. Nilimnyima nyingine zote kwa makusudi, kwa sababu mwenye rangi nyingi hufunika kosa kwa rangi mpya badala ya kulitafuta.

Uchoraji wa mistari ulichukua wiki tatu za mwanzo. Tuliigawa picha kwa miraba, jambo ambalo kila fundi wa ukutani analijua, lakini baada ya hapo nilimfutia miraba na kumtaka arudie kwa jicho, akitumia timazi ya waashi. Uzi ukining'inia kutoka kona ya ndani ya jicho, unapita wapi penye pua, na unaangukia wapi penye mdomo? Kichwa kilichogeuka kidogo humdanganya mchoraji, maana akili inajua kwamba mtu ana macho mawili yanayolingana na inaulazimisha mkono kuyachora hivyo, ilhali jicho la upande wa mbali ni jembamba zaidi na liko karibu zaidi na pua. Kila jioni tuliigeuza kazi juu chini, na asubuhi tuliitazama kwenye kioo cha kunyolea. Kosa lililojificha usiku kucha hujitokeza mara moja ukiitazama picha kwa kioo. Taya la kwanza alilolichora lilikuwa limevimba kama la mtu mwenye jino bovu, na hakuliona hadi siku ya nne.

Kisha tukafika kwenye mafuta. Wasomaji wajue kwamba "rangi ya mafuta" ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ya milango na mageti, si rangi ya mafuta ya mchoraji, na ukiitumia kwa kazi ya aina hii utajuta, kwa sababu inakauka utando juu kabla hujapata muda wa kulainisha ukingo wa shavu. Rangi za tyubu na mafuta ya kitani tuliagiza Dar es Salaam. Tabaka la kwanza lilipakwa kahawia tupu iliyozimuliwa kwa tapentaini, mwanga na kivuli tu, bila rangi nyingine. Tabaka za juu ziliongezewa mafuta kidogo kidogo. Utaratibu huo ni wa lazima, kwani tabaka lenye mafuta mengi hukawia kukauka, na likiwa chini litaendelea kusogea wakati la juu limeshakuwa gumu, na picha itapasuka.

Tulipata shida nyingine ambazo vitabu vya Ulaya havizitaji. Vitabu hivyo humwambia mchoraji afungue dirisha la kaskazini ili mwanga usibadilike. Hapa kwetu, chini kidogo ya mstari wa Ikweta, dirisha la kaskazini linaingiza jua lenyewe mwezi Juni, na la kusini mwezi Desemba, kwa hiyo mchoraji wa Mwanza hana budi kuhama na majira. Na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi siku chache baada ya mwezi kuandama, walitua kwa mamia kwenye paji la uso la Pareja lililokuwa bado bichi. Tuliwatoa mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Tangu siku hiyo kazi mbichi hulala ndani ya chandarua.

Ukosi ulikuwa fundisho la mwisho, na kwangu mimi lililo kubwa. Ukisogea karibu, ukosi ule mweupe ni vurugu ya brashi, mapigo mazito na mepesi yasiyofanana na kitambaa chochote. Ukirudi nyuma hatua kumi, ni lesi. Kijana alianza kwa kuchora kila tundu la lesi, akashinda wiki nzima, na akapata kitu kama wavu wa dagaa. Nikamwambia afute. Alinitazama, akaniuliza kwa heshima, "Fundi, nifute kazi ya wiki nzima?" Alifuta, akapiga ukosi wote kwa asubuhi moja akiwa amesimama na ameshika brashi kwa mwisho wa mpini, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuwa mchoraji.

Ni kweli kwamba tuliichapisha picha ile kwenye steshenari na kuitazama pia kwenye simu, na kwamba karatasi na simu havikukubaliana rangi. Karatasi iliielemeza kwenye wekundu. Wala picha ya kuchapwa haionyeshi unene wa rangi. Tungekuwa na picha ya asili mbele yetu tungejifunza zaidi, nami nakubali kabisa. Hata hivyo Vincent van Gogh, akiwa mgonjwa Saint-Rémy kati ya 1889 na 1890, alinakili kazi nyingi za mchoraji Mfaransa Jean-François Millet kutoka chapa za nyeusi na nyeupe, akijitafutia rangi mwenyewe, na hakuna anayedai kwamba miezi ile ilipotea. Mwanafunzi aliye mbali na majumba ya sanaa hutumia kilichomfikia.

Wapo watakaouliza kwa nini tusinakili picha za kamera, kama wafanyavyo vijana wengi wanaochora kwa oda za harusi na misiba. Nawaheshimu vijana hao, kwa kuwa wanakula kwa jasho lao. Lakini kamera haijaamua lolote kwa ajili ya mwanafunzi. Inamletea kila kinyweleo kwa uzito uleule, na simu za siku hizi hulainisha ngozi na kuiongezea weupe bila kuombwa. Picha iliyochorwa na bwana wa kazi ni mfululizo wa maamuzi: hapa ukingo uwe mkali, hapa nywele zimezwe na giza, hapa pasiguswe. Anayeinakili hulazimika kuyapitia maamuzi hayo yote na kujiuliza sababu ya kila moja. Fundi cherehani anajifunza hivyohivyo. Huchukua suruali iliyoshonwa na fundi bora, akaifumua mshono kwa mshono, akaitandaza mezani, akakata kwa kuifuatisha, na hakuna mtu Makoroboi anayemwita mwizi kwa kufanya hivyo.

Wapo pia watakaosema kwamba kumfuata Mhispania ni kuuacha urithi wetu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli, akafariki 1972, na kazi yake haikufa kwa sababu ndugu na vijana waliokaa naye walikuwa wakinakili alichokifanya hadi mikono yao ikazoea. Kwa hiyo kunakili si desturi ya kigeni hata kidogo. Nitakubali jambo moja, tena kwa uchungu: kuna mafundi wa mtindo huo waliobaki kwenye nakala maisha yote, wakirudia twiga yuleyule kwa watalii. Kunakili ni ngazi, na mtu anaweza kukaa kwenye ngazi hadi uzeeni. Hilo ni kosa la aliyekaa, na la mwalimu aliyeshindwa kumwambia ashuke.

Kijana wangu ameshashuka. Wiki mbili baada ya kumaliza nakala, alimwomba mama mmoja mchuuzi wa dagaa, jirani yetu, akae kwenye kiti mbele ya kibanda kila jioni baada ya kufunga biashara. Alimchora kwa saa moja moja, siku tisa. Uso ule hauna jivu hata mahali pamoja. Upande wa kivuli una joto la udongo, mwanga wa paji umepoa, kitenge cha kichwani kimepigwa kwa mapigo machache kama ule ukosi, na nyuma yake ameweka kijivu cha mawe ya huku kwetu baada ya mvua. Mama mwenyewe alipoiona alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Huyu ni mimi nikiwa nimechoka." Mimi niliyechora mabango miaka ishirini sijawahi kuambiwa neno kama hilo na mtu niliyemchora.

Ombi langu kwa wanaoandaa maonyesho Mwanza, iwe Nyamagana au Ilemela, ni kwamba watenge ukuta mmoja wa nakala, wenye masharti yaliyoandikwa: jina la mchoraji wa asili, mwaka wa kazi yake, jina la aliyenakili, ukubwa usiolingana na asili, na pasiwe na saini ya kuigiza. Asiyetimiza hayo arudishwe mlangoni. Na kando ya kila nakala itundikwe picha moja ambayo mwanafunzi huyohuyo ameichora kwa kumtazama mtu hai, ili mtazamaji aone mwenyewe nini kimevuka kutoka kwenye moja kwenda kwenye nyingine. Walimu wa shule zenye somo la sanaa nao nawaomba wasikate alama kwa nakala iliyotangazwa. Wamuulize mwanafunzi amejifunza nini mahali fulani pa uso, na majibu yake yatawaonyesha kama alikuwa akifanya kazi au akipitisha muda.

Picha zote mbili, ya Pareja na ya mama wa dagaa, zipo kibandani kwangu Kirumba, zimetundikwa pamoja juu ya meza ya rangi. Waandaaji wale wakitaka kuziona, wafike siku yoyote isipokuwa Jumapili, ikiwezekana kabla ya saa nne asubuhi, wakati mwanga wa upande huo bado haujabadilika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa mabango,
Kirumba, Mwanza